Palmiye za mama mkwe zinaungua ncha, naye anarudi kabla ya Krismasi

Mama mshauri, jambo sana.

Ninaishi Katindo, hapa Goma, katika nyumba ya wazazi wa bwana yangu. Baba mkwe alishafariki. Mama mkwe alivuka ziwa mwaka jana kwenda Bukavu kumsaidia binti yake aliyejifungua mapacha, akatuachia nyumba pamoja na palmiye zake mbili za saloni, jamii ya mitende ya mapambo, zile ambazo wauza maua wanaziita areka. Si maua ya juzi. Alizinunua zikiwa ndogo, walipohamia Katindo baada ya lava ya Januari 2002 kufunika nyumba yao ya kwanza kule Birere. Hakuna mgeni anayeketi saloni hapa bila kuelezwa habari za palmiye hizo.

Alipoondoka zilikuwa kijani kibichi na zimepita urefu wa dirisha. Leo ncha za majani zimekauka, rangi ya kahawa, utadhani mtu amepita na kiberiti akazichoma moja moja. Majani ya chini yana madoa ya njano yanayoelekea rangi ya chungwa. Ile ya upande wa mlango inatoa majani mapya yaliyopauka, mishipa tu ndiyo yenye ukijani. Mashina nayo ni ya njano na yana vidoti vyeusi. Muuza maua mmoja aliniambia nikate kila jani linaloanza kubadilika ili nguvu iende kwa mapya, nikawa nakata kila Jumamosi. Kadiri ninavyokata ndivyo njano inavyopanda juu. Jirani akasema niweke majivu ya makala, nikaweka. Mwingine anasema nichemshe maji kwanza. Na simwagii ovyo: nafuata alivyoniagiza mama, ndoo ndogo kwa kila palmiye, mara mbili kwa juma.

Lakini shida yangu haiishii kwenye maua. Mama anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Kabla hata ya kuuliza wajukuu, anauliza: “Palmiye zangu ziko aje?” Bwana yangu anashika simu na kujibu: “Ziko muzuri, mama.” Anasema hataki kumsumbua mtu mwenye presha. Mimi nakaa pembeni nimenyamaza. Sasa mama ametutangazia kwamba anarudi na boti kabla ya Krismasi.

Bwana yangu ameshasema na muuza maua mwingine, mwenye areka mbili kubwa na nzuri. Ataleta zake usiku kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, achukue za zamani, tumwongezee dola kidogo. Anasema macho ya mama yamepungua nguvu, hatatambua. Na wifi yangu mkubwa, alipopita hapa Septemba, alizitazama akasema mbele ya wageni kwamba maua yanajua mkono wa mwenye nyumba. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuvunjika. Mimi ni mtu wa Uvira, nimeolewa huku, na neno kama lile halipiti hivi hivi.

Nikikubali kubadilisha, nitakuwa nafagia kila asubuhi kando ya uongo. Nikimwambia mama ukweli, ninamwonyesha kwamba mtoto wake amekuwa akimdanganya, na bwana yangu ameniambia wazi nisithubutu. Nikinyamaza, mama atafungua mlango ajionee mwenyewe, na maneno ya wifi yatakuwa yamepata ushahidi. Je, palmiye hizi zinaweza kupona kabla ya Krismasi? Nifanye nini?

Mkaza-mwana wa Katindo

*

Mkaza-mwana, jambo sana nawe, na pole kwa usingizi huo wa kuvunjika.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Umebebeshwa mimea ambayo ni kumbukumbu ya nyumba iliyomezwa na lava. Inadhoofika mikononi mwako ingawa umefuata kila shauri uliloletewa. Mumeo amefunga mlango wa kusema ukweli kwa nia ya kumlinda mama yake, na wifi amefungua mlango mwingine kabisa, wa kukuhukumu. Katikati yuko mama mkwe, na ukiangalia vizuri, katika barua nzima yeye ndiye peke yake ambaye hajatamka neno baya juu yako. Shika hilo, nitalirudia.

Nianze na swali la kupona, kwa sababu kalenda yenu yote imening'inia hapo. Ncha iliyokauka hairudi kijani. Jani lenye madoa pia halitakuwa safi tena. Palmiye hupona kwa kutoa majani mengine, na areka ni mti usio na haraka. Asili yake ni Madagaska, upande wa mashariki wenye joto na unyevu. Goma tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wetu ni wa baridi kidogo, na jani moja linaweza kuchukua wiki nyingi kufunguka. Kufikia Krismasi, ukianza leo, la kutarajia ni kwamba mkuki mpya, yaani jani changa ambalo bado halijafunguka, katikati ya shina utoke ukiwa na rangi nzuri. Kwa hiyo mpango wa kuziponya kimya kimya mama asijue kitu, mimi siuoni. Lakini pia sioni miti inayokufa. Kila shina la areka lina kitovu kimoja tu cha kukua, kule juu majani yanakotokea. Shika mkuki wa kila shina taratibu: ukiwa mgumu na haung'oki, shina hilo liko hai. Ukilegea na kutoka na harufu ya kuoza, hilo limekwenda, na mengine ya chungu kile kile yanaendelea.

Sasa nikupunguzie mzigo mmoja papo hapo. Mashina ya njano yenye vidoti vyeusi si ugonjwa. Ndiyo maumbile ya areka, na kadiri mwanga unavyokuwa mzuri ndivyo njano hiyo inavyokolea. Huenda yalikuwa hivyo hivyo wakati wa mama, ila hukuwa na sababu ya kuyachunguza.

Ncha zilizoungua na majani mapya yaliyopauka ni jambo jingine, na hapo nina swali. Umenieleza ndoo na umenieleza siku. Hukunieleza maji yanatoka wapi.

Nauliza kwa sababu mabomba ya Goma kwa sehemu kubwa yanaleta maji ya Kivu, na Kivu si ziwa la kawaida. Kuna chemchemi za volkano zinazoingilia chini yake, zimebeba chumvi nyingi zilizoyeyuka, na maji ya juu yana pH inayokaribia 9, maana yake yameegemea sana upande wa magadi. Areka inataka udongo wenye uchachu kidogo. Ukiimwagia maji hayo mwezi baada ya mwezi, mambo mawili yanatokea. La kwanza, chuma kilichomo kwenye udongo kinafungika, mizizi haiwezi kukinyonya, na jani jipya linazaliwa limepauka huku mishipa ikibaki kijani. Umeieleza dalili hiyo vizuri kuliko watu wengi wanaoniandikia. La pili, maji yanakauka na chumvi inabaki chunguni. Nyingine inapanda na maji hadi mwisho wa jani, inajikusanya pale, na ncha inaungua. Inama uangalie ukingo wa ndani wa chungu, pale udongo unapogusana nao. Ukiona utando mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, umeiona chumvi yenyewe.

Ndiyo maana kuchemsha hakutasaidia. Mvuke unaondoka na chumvi inabaki, tena katika maji machache zaidi. Majivu nayo: jirani yako hakusema upuuzi, yana potasiamu, na palmiye inaihitaji mno. Ila majivu yana magadi kama maji ya ziwa, na chungu chako kimeshazidiwa upande huo. Kwangura tabaka la juu bila kuumiza mizizi, ulitupe, ujazie mboji iliyoiva.

Ile kazi ya Jumamosi ndiyo ningependa isimame kwanza kuliko zote. Ushauri wa kukata majani yanayobadilika una faida kwa mimea mingi ya bustani, na nadhani aliyekupa alikuwa na nia njema. Palmiye ina desturi yake. Potasiamu inapopungua udongoni, mti huivuta kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga. Madoa ya njano na chungwa kwenye majani ya chini ndiyo alama ya uhamisho huo. Ukilikata jani hilo umeondoa akiba kabla haijaisha, mti unahamia jani linalofuata, nawe unaona njano ikipanda. Acha kila jani mpaka likauke lote lenyewe. Ncha za kahawa zikikukera macho, punguza kwa mkasi safi ukibakiza uzi mwembamba wa kahawa, usiguse kijani.

Kuhusu maji, mvua za miezi hii ni rafiki yako. Kinga maji ya mabati, ukiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na uchafu wa paa. Siku kadhaa baada ya mvua nzuri, toa vyungu nje penye kivuli na umwage maji ya mvua mengi, mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, polepole, mpaka yatokee chini na kuondoka na chumvi. Usiache maji yatuame kwenye sahani, mizizi itaoza. Baada ya hapo sahau mara mbili kwa juma. Ingiza kidole; udongo ukiwa bado na unyevu kwa urefu wa vifundo viwili, subiri. Kuna tahadhari moja ya kwetu hapa: moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo una floridi na asidi, na mvua inayopita ndani yake huvishusha. Watu wa upande wa Rusayo na Sake, ambako upepo huusukuma mara nyingi, wanajua maji hayo yalivyofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na floridi huunguza ncha za areka vile vile. Katindo mna nafuu, lakini siku ambayo moshi umeinamia mji, usikinge.

Mbolea iwe kidogo na ije baada ya kuosha udongo, ile yenye potasiamu nyingi kuliko fosforasi. Ukipata NPK ya 17-17-17 tu, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, tumia nusu ya kipimo. Pitisha pia karatasi nyeupe chini ya majani na uyagonge: vumbi likitembea, ni utitiri, uyafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni laini.

Sasa turudi kwa watu.

Nilipokuuliza maji ya wapi, nilikuwa pia nawaza hivi: mama alilea palmiye hizo tangu zikiwa ndogo, katika mji huu huu, chini ya volkano hii hii, na zilikuwa kijani. Kwa maji gani? Wenye nyumba wengi wa umri wake walikuwa na pipa au tangi chini ya mfereji wa bati. Inawezekana alikuwa akichota humo bila kufikiri, na alipokuagiza akataja ndoo na siku kwa kuwa yeye maji ya mvua yalikuwa mazoea yake. Huenda nimekosea. Mwenye jibu ni mmoja, na anapiga simu kila Jumapili.

Umeniandikia kana kwamba kumwambia ukweli ni kumpelekea taarifa ya msiba. Je, kuna namna ya kumwambia ambayo ni kumwomba msaada? “Mama, ncha zinakauka, wewe ulikuwa unatumia maji gani?” Swali hilo halimtaji mwongo. Halikutaji wewe kuwa na mkono mbaya wala mzuri. Linamweka mama mahali pake pa mwenye kujua. Hata hivyo lina hatari, na nisikufiche: mama anaweza kuuliza, “Tangu lini?”, na hapo jibu la mumeo la kila Jumapili litakuwa mezani. Ukiuliza bila yeye kujua, baada ya kukukataza, utakuwa umeokoa mti na kuumiza mahali pengine. Kwa hiyo mimi ningetazama kwanza mazungumzo yako na mumeo, kabla ya ya mama. Yeye anaogopa presha ya mama yake, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Mwulize anadhani presha itapanda zaidi kwa kipi: kwa kusikia leo kwa simu kwamba majani yanaungua, au kwa kuyakuta mwenyewe akishuka kwenye boti. Mwulize pia kama angeweza kuwa yeye atakayelisema. Likitoka kinywani mwake, hakuna aliyemuumbua.

Kubadilisha nako nimekutazama kwa makini, kwa sababu nyumba nyingi zimeishi na siri kubwa kuliko hiyo. Macho ya mama yamepungua, sawa. Lakini anayefuta majani kwa mkono anaujua mti kwa mkono: wapi shina limepinda, liko wapi kovu la tawi lililovunjika, mashina mangapi yako upande wa dirisha. Na kuna jambo ambalo mumeo pengine hajalihesabu. Areka za yule muuza maua ni nzuri leo kwa sababu ya maji na kivuli alichozilelea. Zikiingia saloni yenu na kunywa maji yale yale, ncha zitaanza kuungua baada ya muda, na safari hii mama atakuwa ameketi pale pale akitazama. Hapo mtakuwa mmeziondoa za kwake na tatizo limebaki. Kama kweli mnataka mpya, zinaweza kuja mchana na kukaa pamoja na za zamani, bila kuchukua nafasi yao. Hiyo nayo ina gharama, na mama anaweza kuona mmeshazikatia tamaa zake.

Kunyamaza na kusubiri mlango ufunguke ni njia pia. Baadhi ya mama wakwe huingia, huona, husema “Eh, zimeteseka,” na huomba maji. Wewe unamjua wako kuliko mimi. Ila katika njia hii wifi anaweza kufika kwa mama kabla yenu.

Kuhusu wifi, niseme neno kwa upole. Maneno yake yamekuuma kwa sababu yameangukia kidonda kilichokuwepo, cha kuhisi kwamba mtu wa Uvira bado anapimwa Goma. Kidonda hicho hakitapona kwa majani ya kijani. Hata palmiye zingestawi angeweza kupata kingine cha kusema. Umewahi kumwambia mumeo jinsi neno lile lilivyokuuma? Barua yako haisemi, na najiuliza kama yeye anadhani mnazungumzia maua tu.

Halafu nirudie kwa mama, kama nilivyoahidi. Unaumia kwamba anauliza palmiye kabla ya wajukuu. Mwanamke aliyewahi kupoteza nyumba kwa moto wa ardhini, ambaye sasa analala kwa binti yake ng'ambo ya ziwa akilea watoto wachanga, anapouliza “ziko aje”, inawezekana anauliza kama bado ana mahali pa kurudi. Ikiwa ndivyo, “ziko muzuri” ya mumeo imekuwa ikijibu swali dogo. Sijui kama ni hivyo kwake. Wewe unaweza kumsikiliza Jumapili ijayo ukiwa na sikio hilo, hata kabla ya kuamua lolote.

Kwa sasa kuna kazi ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu: mkasi uwekwe kando, majivu yakwanguliwe, ndoo ikae chini ya bati. Usihamishie palmiye kwenye chungu kipya kabla ya Krismasi hata mtu akikushauri hivyo. Areka huchukia mizizi yake kuguswa, na ikiwa imedhoofika hivi inaweza kukaa miezi bila kukua. Ukigundua mama alikuwa anatumia maji gani, niandikie, na uniambie pia kama utando mweupe ulikuwepo kwenye vyungu vyote viwili au kwenye kile cha mlangoni tu. Kama ni kimoja, tutatafuta sababu nyingine ya kile cha pili.